Tawi la Kuazima

1

Kiwanda cha mbao kilichomeza mitarakwa yetu kwa miaka themanini ndicho kilichogeuzwa kuwa ukumbi wa mashairi, na aliyependekeza hivyo ni mimi. Wenzangu katika kamati walitaka hoteli ya Nakuru yenye mazulia. Niliwaambia nataka kusoma pale pale msumeno ulipokuwa ukinguruma, ili na mabati ya paa yasikie. Walicheka, halafu wakakubali. Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, mwaka 2094, Elburgon ikiwa na ukungu wake na baridi ya kung'ata masikio, watu elfu mbili walikaa kwenye mabenchi wakiwa wamejifunga blanketi, wakingoja kutusikia sisi.

Tulikuwa washairi kumi na mmoja, wote watu wa misitu, wa zile jamii ambazo zamani karatasi za serikali ziliziweka kwenye kundi la "wengineo". Walikuwapo Wasengwer kutoka Embobut, Wayaaku wa Mukogodo, na Waaweer waliosafiri siku mbili kutoka msitu wa Boni. Waogiek wa Mau tulikuwa watatu. Mimi naitwa Tabsabei. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, vitabu vinne, magoti mabovu, na mdomo ambao kaka yangu Kimitei anasema ungefaa kufungwa kwa kufuli.

Kimitei mwenyewe alikuwa benchi la mbele, na nyuma yake jamaa zetu zaidi ya arobaini. Alivaa koti la marehemu baba. Katikati ya miguu yake aliweka chupa ya asali nyeusi ya milimani, kaizungushia sweta kana kwamba ingeshikwa na mafua. Alikuwa ameniambia tangu nyumbani kwamba chupa hiyo itafunguliwa ubao ukishawaka wote.

Ubao ulikuwa katikati ya ukumbi, mahali pa msumeno. Mafundi walikuwa wamechonga msitu mzima wa Mau kwa mti wa mtarakwa, kila mwinuko, kila bonde, kila kijito, kazi ya mita kumi kwa sita. Misitu ya wenzetu ilichongwa kwenye mbao ndogo zilizopangwa ukutani. Chini ya kila mahali palipowahi kutajwa katika shairi paliwekwa taa ndogo. Asubuhi ile taa nyingi zilikuwa bado zimezimwa, na zetu zilikuwa saba.

Hizo saba ndizo zilizotuleta. Shairi la ukoo wetu linataja mahali saba, kutoka mianzi ya juu hadi vichaka vya chini, kwa mpangilio ambao babu zetu walihamisha mizinga kufuata maua. Kila mahali ambapo taa ingewaka pangerudi mikononi mwetu siku hiyo hiyo.

2

Mashine inayowasha taa hizo tunaiita Shahidi, ingawa kwenye sheria ina jina refu linalochosha ulimi. Chini ya misitu yetu yote kumefukiwa vinasa, kila kimoja kikubwa kama kokwa ya parachichi. Vinasa hivyo huonja udongo. Nta ya nyuki ikidondoka chini ya mti haiozi upesi. Husagika, hushuka, hukaa na chavua ya maua ya mwaka ule, na vinasa husoma tabaka hizo miaka mia na zaidi kurudi nyuma. Mshairi anaposema kwa lugha yake kwamba mahali fulani, chini ya mti fulani, mzinga ulitundikwa wakati wa maua fulani, Shahidi huuliza udongo. Udongo ukikubali, taa huwaka.

Ni kazi nzuri, na sitaki mtu anisikie nikiibeza. Mahakama zilitudai karatasi kwa miaka mia na hamsini, nasi hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na mashairi. Siku bunge lilipopitisha kwamba shairi ni ushahidi mradi udongo uliunge mkono, nililia mbele ya wajukuu zangu bila haya.

Lakini watu ni watu. Mwaka wa kwanza wakaanza kuongeza mistari. Wajanja walipima kwanza palipo na nta, kisha wakatunga. Ikaundwa kamati ya waandishi ili kuziba tundu hilo, na mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeandika kanuni tatu ambazo kila msomaji hujua. Kwanza, shairi lililokwisha kuchapishwa husomwa kama lilivyochapishwa. Ukitoka nje ya maneno, Shahidi husimama, na yote yaliyobaki husubiri kikao kijacho, baada ya miaka kumi na miwili. Pili, mahali palipothibitishwa hapauzwi, hapatolewi, wala hapagawanywi kamwe, ili wenye tamaa wasije na mikoba yao. Tatu, ukoo ambao haujawahi kuchapisha chochote unaweza kutoa neno lake papo hapo, mradi msemaji yumo kwenye orodha ya wasomaji na udongo unamuunga mkono.

Nilijivunia kanuni hizo. Nilizisoma kwa sauti nyumbani kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

Kitu ambacho hakimo katika kanuni zangu, na ambacho hakimo katika akili ya Shahidi, ni kwamba udongo haujui kuazima. Udongo unajua tu kuwa mzinga ulining'inia pale. Haujui ulining'inia kwa ruhusa ya nani.

3

Nyuma ya jukwaa palikuwa na jiko la mkaa na viti vya plastiki. Nilikuwa nikiota moto nilipofuatwa na mwenzetu wa tatu, yule Mogiek kijana ambaye sikuwa nimewahi kuonana naye ana kwa ana. Kijana kwangu mimi. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, mwembamba, amevaa kofia ya dereva wa lori. Anaandika mashairi kuhusu vituo vya mafuta, mizani ya magari na wanawake wauza chai wa Salgaa. Vijana wanampenda. Wazee wa kwetu wanasema huyo ni mshairi wa lami.

Alinishika mkono kwa mikono miwili, akainama, akaniita mama. Akasema alikikariri kitabu changu cha kwanza akiwa darasa la sita, na kwamba bila kitabu hicho asingeshika kalamu. Nilifurahi, nani asingefurahi? Nikamuuliza anasoma shairi gani la ukoo wake. Akacheka.

"Sisi hatuna shairi, mama. Mimi ni Leboo wa Sanare. Watu wa Sanare hatutajwi popote."

Niliushusha mkono wangu polepole. 

Yeye aliendelea kusimulia, huku akikoroga makaa kwa kijiti. Alisema babu yake alifukuzwa msituni na askari akiwa mtoto, akakulia Molo kwenye mashamba ya watu, na hakuna aliyekumbuka walikuwa na nini. Kitu pekee alichoachiwa na baba yake ni kichekesho. Ukigonga mlango wa baba yake, mzee yule hakusema karibu kama watu wengine. Alitoa maneno marefu ya Kiogiek cha zamani, yanayoanza, "Nimesikia mguu wako kabla ya sauti yako," ndipo afungue. Watoto walikuwa wakigonga makusudi ili wamsikie, wakimbie. Na baba hakukasirika. Aliwalazimisha wayakariri yote, akasema siku moja wataitwa, na ni aibu mtu kuitwa akakosa la kusema.

"Basi mpaka leo wanangu nao wanayajua," Leboo alisema. "Muuza maziwa anadhani sisi ni wachawi."

Nilimwambia nakwenda msalani. Nilikwenda nikasimama nyuma ya rundo la mbao kuukuu.

Kogo wangu, yaani bibi mzaa baba, ndiye aliyenipa shairi la ukoo. Alinisomea kwa majira mawili ya mvua, nami nikaandika. Mahali pa nne palikuwa bonde la mto wa juu, na hapo Kogo hakutaja tu mti na maua. Alisimama, akageuza uso pembeni kana kwamba kuna mtu ng'ambo, akaita, "Sanare wa mto wa juu." Akaeleza kwamba mwaka wa ukame mkubwa maua yalikauka kwetu kote, na bonde la Sanare peke yake likawa na maji. Babu yetu alikwenda na mzinga begani akaomba tawi. Anayeazimwa tawi humtaja mwenye mti kila anaposoma, maisha yake yote na ya watoto wake, na mwenye mti akiwapo hujibu. Jibu lenyewe Kogo hakulijua. Jibu ni la mwenye mti.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikijiona mshairi. Mistari ile ya kuita ilikuwa inachechemea. Ilikatiza mwendo, ikaingiza mtu ambaye msomaji hamjui, halafu haikumalizika kwa sababu jibu halikuwapo. Niliikata. Hakuna aliyenilazimisha, mhariri aliuliza tu Sanare ni nani, nami nikajibu kwamba si muhimu. Kitabu kikapata tuzo. Kikasomwa redioni, na Kogo akasikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Na Sanare?" aliniuliza.

Nikamwambia, "Kogo, watu hawamjui."

Akainuka, akaenda kulisha kuku. Aliishi miaka tisa baada ya hapo na hakunisomea tena hata mstari mmoja. Kitabu hicho ndicho kilichowekwa mbele ya Shahidi, na kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, lazima kisomwe kama kilivyo.

4

Nilimwita Kimitei nje kupitia mlango wa magogo. Nilimweleza yote haraka, maana mwanamke wa Embobut alikuwa tayari jukwaani na baada yake kulikuwa na wawili tu kabla yangu. Sauti yake ilitufikia kupitia mabati, na kila taa ilipowaka watu walipiga miluzi.

Kaka yangu si mtu mbaya. Aliishi miaka thelathini kama mpangaji kwenye mteremko alikozaliwa, akiomba kibali kila Januari ili avune asali ya mizinga yake mwenyewe. Mteremko huo ni mahali pa sita, na Kogo amezikwa hapo. Kimitei alikuwa na miaka sitini na sita na moyo wenye betri. Nilipomaliza kusema alikuwa tayari ameshapiga hesabu ya miaka kumi na miwili.

Alisema nisome kitabu. Tukishapata zote saba, tutamwita huyo Leboo kimyakimya tumrudishie bonde lake.

Nilimkumbusha kanuni ya pili. Palipothibitishwa hapatolewi.

"Basi tutamwachia atundike mizinga yake humo. Nani atamzuia?"

"Atundike kwa ruhusa yetu?"

"Kwa ruhusa yetu, ndiyo. Si mbaya."

"Awe mgeni kwake, Kimitei. Kama wewe ulivyokuwa kila Januari."

  Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwamba watu zaidi ya arobaini wamepanda gari alfajiri kwa ajili yangu, na kwamba mimi ndiye niliyekata mstari, si wao, kwa hiyo nisiwalipishe wao. Alikuwa na haki kabisa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nilizoea kubishana naye akiwa amekosea.

Aliingia ndani bila kunitazama. Nilibaki na ukungu wangu dakika moja, nikijaribu kukumbuka mistari ile niliyoikata. Miaka thelathini na miwili. Niliikumbuka mingi, si yote.

5

Mzee kutoka Boni alinitangulia. Alisoma kwa Kiaweer, akisindikizwa na mlio wa ndege aitwaye mwongoza asali, yule anayemwita mtu mpaka kwenye mzinga. Mzee alimwigiza kwa midomo, na watoto wakatazama juu ya paa kumtafuta. Hakuna aliyetafsiriwa chochote siku ile. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Watu elfu mbili walisikiliza lugha wasiyoijua, kimya kabisa, na mimi nikasahau shida zangu kidogo nikaona fahari hadi pua ikanichonyota. Hawa ndio waliokuwa "wengineo".

Kisha nikaitwa.

Nilipanda. Msimamizi wa kikao, jaji mstaafu aitwaye Bi Wakesho, mwanamke mpole mwenye miwani minene, alinithibitisha jina na ukoo. Kwenye benchi la wasomaji Leboo alinipungia kofia. Kipaza sauti chake kilikuwa tayari kwenye kola, zamu yake ilinifuata.

Nilianza. Sitajisifu, lakini nilisoma vizuri. Mianzi ya juu, mzinga wa kwanza, maua meupe baada ya mvua ndefu: taa ya kijani ikawaka, na jamaa zangu wakaguna kwa pamoja kama watu walioinua gogo. Mahali pa pili, kijani. Mahali pa tatu, kijani. Mama mmoja wa kwetu alianza kulia, akazibwa mdomo na binti yake.

Nikafika kwenye bonde.

Kitabuni mstari unasema hivi tu: bonde la mto wa juu, mti wa silibwet, nikatundika. Ni mstari mzuri. Unatembea wenyewe. Nilikuwa nimeusoma katika nchi tisa.

Niligeuza uso pembeni, kama Kogo. Nikasema kwa Kiogiek, na hapa nauandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Sanare wa mto wa juu, nimefika na mzinga begani. Mti ni wako, maua ni yako. Nionyeshe tawi."

Ubao mzima ulififia. Taa tatu za kwanza zilibaki, nyingine zote zikawa giza, na juu ya paa mashine ikatoa mlio mmoja mfupi. Watu walisogea kwenye viti. Bi Wakesho aliinama kwenye kipaza sauti chake, akasema kwa upole kwamba msomaji ametoka nje ya maandishi, na kwamba kanuni inampa pumzi tatu ajirekebishe. Pumzi tatu. Hata hilo niliandika mimi, nikiwahurumia wasomaji wenye woga.

Pumzi ya kwanza nilimtazama Kimitei. Alikuwa ameinamisha kichwa. Pumzi ya pili nilitazama mahali pa sita kwenye ubao, kile kilima kidogo cha mtarakwa kilichochongwa vizuri hata ungeona kaburi. Nilitamani kurudi kitabuni. Nasema wazi: nilitamani, na midomo yangu ilikuwa tayari imeanza kulitamka neno "bonde".

Pumzi ya tatu nilimtazama Leboo. Alikuwa ameduwaa, kofia mkononi, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni katika mji wa ugenini.

"Sanare," nikaita tena, safari hii nikimtazama yeye. "Sanare wa mto wa juu. Nimefika na mzinga begani. Niliondoa jina lako kwenye shairi nikiwa msichana, kwa sababu lilinisumbua mdundo. Nionyeshe tawi."

Mashine ikalia mara ya pili, na kwa ukoo wetu kikao kikafungwa.

 Leboo alisimama taratibu.  Halafu maneno ya baba yake yakamtoka, kwa haraka mno, kwa lafudhi ya mlangoni, jinsi watoto wanavyoyasema wakiwa wanataka kukimbia:

"Nimesikia mguu wako kabla ya sauti yako. Nyuki hawaulizi ukoo, mimi nauliza. Umejitaja, umenitaja. Tawi la tatu, linalotazama maji."

Akakwama. Nilidhani amesahau. Lakini alikuwa analia tu, na alipopata pumzi alimalizia neno la mwisho lililobaki:

"Tundika."

Ubao ulikaa giza muda mrefu. Shahidi ilikuwa inauliza udongo. Kisha katikati ya msitu, peke yake, taa ikawaka, si ya kijani chetu bali ya rangi ya chungwa, rangi ya ukoo mpya. Bi Wakesho aliisoma skrini yake, akavua miwani, akaivaa tena. Alisema nta imepatikana chini ya silibwet, upande mmoja tu wa mti, upande wa maji. Kitabu hakikuwahi kusema upande. Kwa kanuni ya tatu, akasema, bonde la mto wa juu ni la watu wa Sanare.

Miluzi ilipasua mabati. Mimi nilisubiri ipungue, halafu nikamwomba jaji ruhusa ya kumalizia shairi. Aliniambia kwamba mashine haisikilizi tena. Nikamjibu kwamba watu wanasikiliza.

Nikasoma mahali pa tano, pa sita na pa saba mbele ya ubao uliozimika. Sikuharakisha. Nilipotaja mteremko wa Kogo jamaa zangu walisimama, na nyuma yao benchi baada ya benchi watu wakasimama, Wasengwer, Waaweer, wauza duka wa Elburgon, hata askari wa mlangoni. Hakuna taa iliyowaka. Sijawahi kusoma vizuri kama vile, na sitegemei kusoma hivyo tena.

6

Nilishuka jukwaani. Kimitei alikuwa ameinuka, chupa ya asali kwapani, sweta limeanguka chini. Nilijua ananijia kunisema, na nilijiandaa kusemwa. Nilistahili, na mbele za watu pia ingekuwa haki.

Alinipita.

Alikwenda hadi kwenye ubao, akasimama mbele ya zile sehemu tatu za giza. Aliweka kidole kwenye mteremko wa sita, akakiacha hapo kidogo. Halafu akageuka kwangu, na sauti yake ya ukali ikasikika hadi benchi la mwisho bila kipaza sauti.

"Umekosea. Kogo hakusema hivyo. Umeruka mstari."

Nilimkodolea macho. Alikuwa na miaka minane kunizidi. Kumbe majira yale mawili, mimi nikiandika kando ya moto, yeye alikuwa mlangoni akichonga mizinga, na masikio anayo. Alikuwa ameusikia mstari wote, na kwa miaka thelathini na miwili aliuweka bila kunikumbusha, kwa kuwa kitabu kilikuwa changu na tuzo ilikuwa yetu sote. Niliona aibu yake ikikutana na yangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikajisikia si peke yangu.

Kimitei alikwenda mbele ya Leboo. Mtu wa miaka sitini na sita, koti la baba, mbele ya mshairi wa lami. Alinyoosha mgongo, akasema kwa Kiogiek, kila neno mahali pake:

"Sanare wa mto wa juu, nimefika na mzinga begani. Mti ni wako, maua ni yako. Asali ya kwanza ni yako. Nionyeshe tawi."

Akampa chupa.

Leboo aliipokea kwa mikono miwili. Safari hii hakuharakisha. Alisema jibu lote kuanzia mguu hadi maji, polepole, kwa sauti ya mtu mwenye mlango wake, na ukumbi mzima ukamngoja afike mwisho.

"Tundika," akasema.

Kaka yangu akaitikia kwa kichwa, akaokota sweta lake, akarudi benchi la mbele kumsikiliza msomaji anayefuata.